Upande wa Mgongo

Saa kumi na mbili na robo. Jua la Quito halina mbwembwe:
linaondoka kama mtu aliyeitwa ndani kula,
Januari hivyo, Julai hivyo.
Nabonyeza kipaza sauti, nasema, Karibuni,
fungeni makoti, ghorofa ya juu haina paa
na baridi ya hapa haibishi hodi.

Thelathini na wawili leo. Maharusi kutoka Chile,
wanafunzi wenye kofia za sufu, bei bado zinaning'inia,
na kiti cha mwisho, peke yake, bibi mmoja
aliyevaa koti la kanisani, mkoba magotini,
tiketi kaishika kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo.

Kushoto kwenu, nasema, Basilika.
Tazameni mabomba ya mvua: kwingine huchonga mashetani,
sisi tumechonga kobe, kenge, kakakuona.
Wanacheka. Hucheka hapo hapo kila usiku.
Kléver anapunguza mwendo bila kuambiwa;
mwaka wa saba huu tunaendesha kicheko kile kile.

Mji wa kale una njia nyembamba. Madirisha ya juu
hututazama kuliko tunavyoyatazama:
mwanamume anapiga pasi shati moja,
mtoto anatutolea ulimi,
sufuria ya mahindi na maziwa inafuka mdalasini.
Hayo hayamo kwenye karatasi yangu.

Kisha kilima. Gia ya kwanza, injini inakohoa,
mikaratusi inanukia, masikio yanaziba,
na kileleni kasimama yeye, Bikira wa alumini,
mabawa wazi, nyoka chini ya mguu.
Dakika ishirini na tano, nasema. Picha hutoka vizuri mbele.

Wote wakaenda mbele.
Bibi akanivuta mkono wa sweta:
"Binti, mgongo wake uko wapi?"

Hermelinda Chango, wa Chillogallo,
mtaa wa pili kutoka soko ninakonunua viazi.
Miaka sabini na sita mjini, hajapata kupanda huku;
mjukuu ndiye kamlipia.
"Rosalino wangu alikuwa mkaza nati hapa.
Kila alfajiri, mkate na kitunguu, huyoo mlimani.
Unyoya mmoja, bawa la kulia, kabla hawajaufunga,
aliandika jina langu kwa msumari, upande wa ndani.
Kanificha huko, mjinga yule.
Tangu azikwe nalitazama bawa nikianika nguo.
Nilitaka tu kujua ukubwa wake."

Sisi wa kusini tuna utani wetu:
Mama anatazama kaskazini, kwenye mahoteli,
sisi katupa kisogo.
Nimeusema utani huo mara ngapi, sijui.
Sikuwahi kufikiri kwamba hata kisogo
kilikazwa na mtu, nati kwa nati, mikono imekufa ganzi.

Tukazunguka, tukapita mapipa ya taka, mbwa kalala.
Upepo. Bawa juu yetu kama bati la nyumba ya jirani.
Na chini, taa za kusini, hazina mpangilio,
zimepanda vilima popote zilipopata kiwanja.
Bibi akahesabu manyoya kwa kidole,
akapotea, akaanza upya, akapotea tena.
"Haya," akasema. "Mmojawapo."
Akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, kama tarumbeta.

Tuliteremka tumechelewa dakika kumi. Kléver kanuna.
La Ronda, kila mtu kikombe cha kinywaji cha moto;
Hermelinda akamaliza chake,
na cha bwana harusi, aliyesema kinamchoma koo.

"Nishusheni kituo cha troli," akasema.
"Nirudi kaskazini kufanya nini, nitafute basi la kusini?"
Ni kinyume cha kanuni. Kléver akasimama.

Kushoto kwenu, nikaanza.
Vichwa thelathini na kimoja vikageuka pamoja, simu juu,
na palikuwa na bibi tu, anavuka barabara.