Mshale wa Mizani

Miaka ishirini na sita natengeneza mizani
pale Mwaloni, Kirumba, ubavuni mwa magunia ya dagaa.
Mshale ukilala kushoto naujua ugonjwa wake:
chumvi, kutu, au tajiri mwenye kidole kizito.
Wangu mimi ulilala mwezi Machi, nikifunga kamba za kiatu.

Dunia ilizunguka nami nimekaa.
Nikashika sakafu, sakafu nayo ikanikimbia.
Majirani wakasema malaria, wakasema presha;
mmoja, kwa sauti ya chini, akamtaja shangazi.

Misoji wa hospitali ya kilimani hakumtaja mtu.
Mizani yako, alisema, imo ndani ya sikio
(mahali ambapo bisibisi yangu haifiki),
akachora herufi M kwa kalamu nyekundu:
"Bandika ukutani, usawa wa macho.
Kichwa kiende kulia, kiende kushoto.
M isisogee."
Na ikisogea?
"Itasogea. Endelea mpaka ichoke."

Ichoke! Jumanne nilitapika.
Jumatano zilikuwa M mbili,
zinapigana vikumbo kama abiria wa kivuko.
Alfajiri Nkwimba hunishika mkanda kwa nyuma
kama mbuzi wa mnadani, twende:
kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole,
kutoka mtungini hadi mlangoni, hatua kumi na moja.
Kabula wa darasa la pili anahesabu.
Nikiyumba, anarudi kwenye moja, hana huruma.

Mimi nilitaka kutulia tu,
nilale ubavu mmoja, shingo kavu kama msumari,
nisiumwage ulimwengu hata tone.
Misoji akaniuliza,
"Mizani ikiharibika, fundi,
huwa unaifunika kitambaa ukangoja ipone?"

Nikanyamaza. Nimepigwa kwa nyundo yangu.
Huwa naipakia kilo moja, naitoa,
kilo tano, naitoa,
mshale unatetemeka, unapita sifuri, unarudi,
unapita tena, safari hii kidogo.

Leo nimefika Mwaloni bila mkono wa mtu.
Ziwa lilikuwa limechafuka. Nililitazama:
likayumba lenyewe, mimi nimesimama.

Bado nusu gramu haijakaa sawa.
Mteja asingeiona.
Mimi naiona.
Kesho, kabla ya chai, M.