Mshono wa Ndani

Saa kumi alfajiri, lango la kiwanda cha mkate.
Napanga kreti nne nyuma ya baiskeli,
nazikaza kwa mpira wa tairi kuukuu.
Mikate bado ina joto. Mgongo wangu unaufaidi
mpaka Kangemi.

Hakuna aliyeniambia kuhusu mshono.
Nilionywa juu ya malori, mashimo, askari wa kaunti,
na wenye maduka wanaolipa kwa ahadi.
Lakini ule mshono mnene wa jinzi,
pale miguu miwili inapokutana ikawa mtu,
huo niliujua peke yangu, siku ya tatu,
kwenye kilima cha Uthiru,
chumvi ya jasho ilipoukuta wekundu wa nyama.

Nikatembea kama bata.
"Umepanda farasi?" akauliza mwenye kioski.
Nikacheka. Mwanamume hucheka,
halafu huenda nyuma ya ukuta
kuyapuliza mapaja yake kama uji wa moto.

Nilipaka poda: kufika Kinoo ikawa unga uliokandwa.
Nilipaka dawa ya meno, ushauri wa Kibiwott,
na usiku ule ploti nzima ikajua nina sauti.
Wahenga walisema mficha uchi hazai.
Hawakusema mwenye uchi aanzie wapi.

"Ni ya rafiki yangu," nikamwambia dada wa duka la dawa.
Naserian hakuinua macho kutoka daftarini.
"Rafiki yako anaendesha nini?"
"Baiskeli."
"Basi mwambie asiketi. Aendelee tu kusimama hivyo hivyo."

Mwambie aoge kwa maji vuguvugu,
sabuni isiyonukia maua.
Asisugue. Agusegguse kwa kitambaa safi,
kama anayekausha shavu la mtoto aliyelala.
Usiku aache wazi, hewa ifanye kazi, haidai mshahara.
Kipele asikitumbue.
Kikivimba, kikitoa usaha, homa ikija,
aende hospitali mwenyewe, asimtume mtu.
Na siku mbili asipande.

"Siku mbili ni kreti nane!"
"Na paja likioza ni kreti ngapi?"

Akanipa kopo la mafuta ya kukamulia,
yale ya chuchu za ng'ombe.
Nikasema sina ng'ombe.
"Una ngozi," akasema. "Paka kabla ya safari,
si baada ya kulia."

Jumamosi Gikomba, Kwamboka akachomoa robotani
kaptula nyeusi ya kubana, sifongo imeshonewa ndani,
laini, bila mshono pale penye vita.
"Hii haivaliwi na chupi!" akatangaza,
akawatangazia na wauza viatu.
Tulianza mia tatu, tukaachana mia moja themanini.
Kwenye ukingo kulikuwa na jina la mtu, kwa wino uliofifia,
herufi nisizoweza kutamka.
Sijui aliendesha wapi, na kama kulikuwa na theluji.
Najua alichubuka.

Nikashusha kiti upana wa kidole,
nyonga zikaacha kucheza huku na huku.
Kila jioni kaptula naifua, naianika juani
ndani nje, majirani waseme watakavyo.
Pale palipokuwa pekundu pamebaki weusi mdogo,
kama chini ya sufuria.

Jana langoni alikuwapo kijana mgeni, Simiyu,
jinzi mpya, kreti tano, sifa nyingi.
Leo amekuja ametanua miguu kama bikari.
"Umepanda..." likanifika mdomoni,
nikalimeza.

Nikatoa kopo mfukoni. Limebaki nusu,
lina alama za vidole vyangu.
"Shika," nikamwambia. "Mpelekee rafiki yako."

Hakusema asante.
Alitazama kushoto, akatazama kulia,
akaenda nyuma ya ukuta.