Tisini

Mwanangu Ntahondi alisema Kichina,
ndicho chenye mshahara.
Shangazi, kutoka Ujiji: Kiarabu,
ndicho utakachoulizwa kaburini.

Miaka hamsini na miwili, miwani ya kuazima,
nikachagua kwa mizani ya dagaa.

Maana Kaseba wa Kalemie,
tukishafika kwenye bei,
Kiswahili hukitua chini kama gunia,
akamgeukia nduguye, wakanong'ona,
nami nimeshika kamba,
kiziwi katika soko langu mwenyewe,
hapa hapa Kibirizi.

Nikanunua kitabu cha Kifaransa.
Usiku, umeme ukiwepo,
nilihesabu mpaka tisini:
ishirini nne, na kumi juu yake.
Nikacheka peke yangu.
Hii si hesabu, huku ni kuficha faida.

Jumatano nikamtajia bei,
polepole, kama anayevuka mawe yenye utelezi.
Kaseba akaweka kikombe chini.
"Mama, hicho ni cha Paris.
Sisi tunasema nonanti. Neno moja, basi."

Akanipa mkono, kwa heshima kabisa.
Kisha akamgeukia nduguye,
wakanong'ona Kitabwa.

Na kitabu cha Kitabwa
kinauzwa wapi?