Kosa Namba Tano

Saa tisa za usiku, Kutaisi, na mvua ya Februari
haijui kunyesha ikamaliza.
Huduma inayolinda mtandao wa hospitali ya wazazi
nimeiambia anza, imegoma.
Nimeiambia tena kwa upole,
kama mtu anayembembeleza punda darajani.
Imegoma.

Ukuta wa moto, ndivyo tunavyouita.
Leo hauna moto, wala si ukuta.
Ni pengo.

Nimechomoa waya mkuu wa nje kwa mkono,
mkono huuhuu uliopaka mkate siagi jioni,
maana heri hospitali kiziwi
kuliko hospitali isiyo na bawabu.
Ghorofa ya pili, mkunga Nestani amerudia daftari.
Ananipigia simu ya mezani:
"Malkhazi, kazaliwa wa kike, kilo tatu na robo,
nimemwandika kwa kalamu ya risasi.
Mashine yako itamkubali kesho?"
Nasema itamkubali.
Nasema kwa sauti ya mtu anayejua.

Kisha narudi kusoma.
Kumbukumbu za mfumo hazina huruma wala hadithi;
zimesema neno moja mara mia na arobaini:
kosa namba tano, ruhusa imekataliwa.
Nani kakataliwa? Na nani?
Nimezima, nimewasha.
Nimekagua huduma zinazoitegemea
na zile inazozitegemea yenyewe,
zote zi hai, zinapumua, zinanitazama.
Nimesaka kirusi kama msaka chawa,
unywele kwa unywele. Hamna.
Nimemlaani aliyetuuzia, nikamlaani na mamaye,
nikamwomba radhi mamaye.
Chai imepoa mara ya pili.

Saa kumi na dakika kumi
nikaifungua rejista, tawi kwa tawi,
hadi kwenye kijumba cha huduma yenyewe,
nikauliza: nani ana haki ya kuingia humu?
Orodha ikaja. Fupi. Safi.
Nikautambua usafi ule.

Ni wangu.

Mwezi jana, baada ya semina ya Tbilisi,
nilirudi na ari ya mtu aliyenunua ufagio mpya.
Jumapili nzima nilikuwa nikifuta majina.
Kila nisilolijua, nje.
Limo moja lilikuwa refu, la ajabu,
lisilo na uso wala mshahara.
Huyu ni nani? nikasema, nikamkata.

Alikuwa bawabu.

Mwezi mzima aliendelea kukesha
kwa kuwa seva haikuzimwa, naye hakutoka nje.
Jana umeme ulipokatika, ukarudi,
akaja kazini akakuta nimembadilishia kitasa.
Kumbe kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hii nimeifua mwenyewe, nikaipiga pasi.

Nikalirudisha jina lake, herufi kwa herufi,
pamoja na ile alama ya mkwaju katikati
niliyoisahau mara mbili.
Nikaiambia anza.
Pumzi moja. Pumzi mbili.
Ikaanza, bila hata kunilaumu.

Nikachomeka waya. Taa ya kijani ikapepesa.
Nikaenda kufungua mlango nipate hewa,
ukagota kwenye ndoo.
Juu ya ndoo iliyofudikizwa ameketi Tsiala, msafishaji,
kitambaa cha deki mapajani kama paka.
"Umekaa hapo tangu lini?"
"Tangu saa saba. Kadi yangu haifungui."
"Leo?"
"Mwezi sasa. Huwa nangoja mtu atoke."

Akaingia. Akapiga deki chini ya meza,
akaniamuru ninyanyue mguu wa kushoto,
nikanyanyua.
Nikavuta kibodi.
"Jina lako kamili, Tsiala?"
"La nini saa hizi?"
"Nitajie tu."
Akanitajia.
Refu. Ikabidi alitaje tena.