Tawi la Upande wa Pili

Parachichi halina adabu ya usiku.
Saa nane, bati linalia paa!
nami kitandani nahesabu:
la kwanza, la pili,
la tatu linabiringika hadi kwenye mfereji
kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Mti ni wa Eliaichi. Tawi liko kwangu.
Mizizi inakunywa kwake,
kivuli kinakula maharage yangu.

Nilimwambia kwa mdomo, akacheka:
"Mti hauna macho ya kusoma hati."
Nikamjibu, wewe unayo.
Nilimwambia kwa balozi, akanuna.
Kwa mtendaji wa kata, hapa Uru, tulikalia benchi moja,
yeye mwanzo, mimi mwisho,
katikati mkoba wangu
na miaka kumi na tisa ya kuazimana panga.

Mtendaji akauliza, mpaka uko wapi?
Tukajibu kwa pamoja, bila kutazamana:
"Kwenye masale."
Mwaka mzima tulikuwa hatujakubaliana jambo.

Jumamosi akaja Kanuti
na msumeno wa kukodi toka Moshi mjini.
Akapanda, akaketi kwenye panda, akauliza:
"Nikate hadi wapi?"
Hadi kwenye masale, nikasema.
Eliaichi akasema, "Kile kijitawi chenye maua, kiache."
Nikainua kichwa. Maua yalikuwepo kweli,
madogo, rangi ya chai iliyokosa majani,
na nyuki wakivuka huku na huku
bila barua ya mtendaji.

Nikanyamaza. Kanuti akakiacha.

Tawi kubwa lilishushwa kwa kamba,
taratibu, kama sanduku la mtu mzito.
Tukalipokea wote wawili, ilibidi.
Kuni akachukua yeye, majani mbuzi wangu,
na ujira wa Kanuti nusu kwa nusu,
ingawa yeye alikuwa na noti ya elfu kumi tu
na mpaka leo chenji hatujamalizana.

Usiku ule bati lilinyamaza.
Saa nane nikaamka vilevile.

Asubuhi, mlangoni, ndoo ndogo:
maparachichi matano, moja limepasuka,
na juu yake jani la isale
limepigwa fundo.
Hakugonga.
Kwetu isale halirudishwi.

Nikateremka hadi mpakani
kutazama lilikochumwa.
Kidonda cha shina kilikuwa bado kibichi.
Alilichuma upande wangu.