Kiinua Mgongo

Reli waliponilipa kiinua mgongo
Subilaga alicheka mpaka akashika mlango.
"Wameinua wako.
Wangu, uliokaa nyuma yako miaka thelathini na mmoja,
utainuliwa na nani?"

Basi Alhamisi tuko Uyole, kwenye yadi ya Sanga,
mikono kwapani, Juni inatung'ata masikio,
ukungu bado umeukalia mgongo wa Uporoto.
Pikipiki mbili zimevuka Tunduma
na vumbi la watu tusiowajua.

Ya kwanza nyeusi, ndefu, imelala chini
kama ng'ombe anayecheua.
Siti ya nyuma ni kochi, na kochi lina egemeo.
Ya pili nyekundu, kiuno kimekatika,
inataka kuondoka kabla hujaiwasha.
Siti ya nyuma ni kipande cha mkate
kilichovishwa ngozi.

Sanga anaongea na mimi tu:
silinda, klachi, mkanda badala ya mnyororo,
lita moja kilomita ishirini ukiwa muungwana.
Napiga teke tairi.
Sijui kwa nini wanaume hupiga teke tairi.
Subilaga kashapanda ile nyeusi, nyuma, peke yake,
mbele hakuna mtu,
mkoba kaupakata kama yuko zahanati
anasubiri kuitwa jina.

"Hapa naona mpaka Igawilo," anasema.
Anahamia nyekundu.
"Hapa nitaisoma kola yako."

Tulianza na nyekundu.
Barabara ya Tukuyu, malori ya ndizi yakishuka na kunguruma,
yeye paji la uso katikati ya mabega yangu,
palepale alipoliweka usiku wa kumzaa Lusajo,
tope la Kiwira likifika magotini,
tuko watatu juu ya pikipiki ya kazini
na mmoja hajalipa nauli.
Kidole chake ubavuni:
mara moja, nimekaa, twende;
mara mbili, punguza, mume wangu, nina watoto.
Moyoni nilishainunua.

Isyonje tukasimama.
Alishuka kwa awamu.
Akashika siti, akashika goti, akashika hewa,
akanyooka kidogo kidogo
kama kisu cha kukunja kilicholiwa na kutu.
Nikajifanya natazama shamba la viazi.

Tukarudi, tukachukua nyeusi.
Mlima uleule, kona zilezile.
Injini inaongea kwa sauti ya kanisani.
Nyuma yangu kimya.
Hakuna paji. Hakuna pumzi shingoni.
Baridi ikapata nafasi, ikakaa kati ya mabega yangu
kama abiria aliyekata tiketi.
Kona ya tatu nikageuka, nikidhani nimemdondosha:
Subilaga kaegemea,
kitenge kimemzunguka magoti,
anamenya ndizi.

"Tazama mbele!" akasema.
Kisha, sikumwuliza:
"Nimekuegemea vya kutosha.
Sasa niache niegemee chuma, wewe endesha."

Yadini, alipokwenda kununua maji,
Sanga akaniinamia.
Ameuza nyingi, anajua uso wa mtu.
"Mzee, lile egemeo linatoka.
Boliti nne tu. Mama hatajua lilikwenda wapi."

Boliti nne.
Nilizitazama zote, moja moja.
Mojawapo ilikuwa imelegea tayari,
ingezunguka hata kwa kidole.
Nikafikiria kola yangu,
nikafikiria tope la Kiwira,
nikafikiria jinsi alivyoshika hewa.

"Lete spana," nikamwambia.
Akatabasamu, akaleta.
Nikazikaza zote nne mwenyewe,
ile iliyolegea nikaikaza mara mbili.

Kurudi nyumbani upepo ulinipiga mgongoni.
Sitasema uongo, ulinipiga.
Karibu na njia panda nikasikia kidole,
kimetoka mbali, mkono wote umenyooka kukileta,
ubavu wa kushoto,
mara moja.