Malaika wa Kifuani

Juni, saa sita usiku, na jua la Aisilandi limekataa kulala.
Steinvör ananipa kikapu, ananionya:
tembea kama mtu aliyesahau kitu,
usitembee kama anayetafuta.
Bata wanamjua mtafutaji.

Dume alikuwa hapa Mei.
Koti jeupe, tumbo jeusi,
kijani shingoni kama wanja uliopotea njia,
na mguno wake, uu-uuu,
wa ajuza aliyeletewa umbea mtamu.
Jike alipoanza kulalia mayai
akashuka majini na wenzake, akaenda.
"Baba naye alikuwa na koti zuri,"
anasema Steinvör, haongezi neno.

Jike ana rangi ya mwani uliokauka.
Mara mbili nimekaribia kumkanyaga.
Kwetu, kula bata ni kustarehe;
bata huyu mwenyewe hali.
Siku ishirini na tano juu ya mayai,
theluthi ya mwili wake imeyeyuka,
naye anatazama bahari iliyojaa kome
kama mtu wa saumu anayepita jikoni.

Na kome hao, siku zake za kula,
huwameza wazima, ganda na yote:
firigisi yake ni kinu kisicho na mchi.
Maji ya chumvi hunywa,
chumvi ikamtoka puani, tone kwa tone.
Nani alimfundisha kulia bila huzuni?

Ukimshtua ghafla huruka
na kuyanyea mayai yake mwenyewe.
Uvundo huo, hata mbweha hufikiri mara mbili.
Umeshika mikono yangu wiki nzima;
sabuni imesalimu amri.

Kisha tunapiga magoti.
Ndani ya kiota, chini ya mayai ya kijani,
kuna alichojinyonyoa kifuani.
Nasema: kwetu nywele laini hizi za mwili
tunaziita malaika.
Steinvör anauliza, malaika wale wa mbinguni?
Hao hao.
Anatazama kiganja chake muda mrefu.
"Basi tumekuwa tukiwauza kwa kilo."

Viota sitini, kilo moja.
Tunatwaa nusu, tunaweka nyasi kavu,
na huko mbali yupo asiyepata usingizi
atakayejifunika kifua cha bata.
Steinvör analalia godoro la sponji.

Jirani yake Kolbeinn hataki habari za bata wa visiwani.
Wake ni wale wadogo wa mtoni,
waliopakwa rangi kama ngoma ya harusi,
wanaolisha watoto wao katikati ya maporomoko
mahali ambapo mimi nisingetia hata fimbo.
Aliwahi kuokota mmoja aliyekufa,
akampeleka kupigwa picha ya mifupa:
mbavu zilivunjika zikaunga,
bawa lilivunjika likaunga,
na hakuna mganga wa viungo aliyeitwa.
Picha ameibandika mlangoni pa friji.
Akikulalamikia mgongo, huitazama kwanza.

Kisiwa cha mwisho. Kiota kitupu, bado kina joto.
Vifaranga wameshashuka,
wanaelea na mama zao na wa wengine,
na majike yasiyo na watoto yakiwazunguka,
huwezi kujua nani alimzaa nani,
wala shakwe hapewi nafasi ya kuuliza.

Nafungua kiganja. Upepo unakuja.
Sufi ingeruka, ingeshafika ng'ambo.
Huu mnyoya umeshikana na mwenzake,
umeshikana na sweta yangu, na kidole changu,
hautaki kwenda.

Steinvör anaandika daftarini, penseli ikiwa fupi kuliko kidole:
mia mbili na kumi na mbili, yupo.
Mia mbili na kumi na tatu, yupo.
Mia mbili na kumi na nne,
anaandika neno, analifuta,
anapuliza vumbi la kifutio,
ananiuliza kama nimeona kipepeo cha mvua yake,
ile koti ya njano.
Ameivaa.